Njia za Miguu za Mara

Mbio za porini ni mashindano ya kukimbia kwa kufuata njia za miguu, mapito ya ng'ombe, miteremko ya vilima na barabara za vumbi, mbali na lami na mbali na uwanja. Washiriki wake ni wachache, makumi au mamia, kwa sababu njia ni nyembamba na vitanda vya kulala wageni vina kikomo. Mkimbiaji anayetoka mbali hulala usiku mmoja au zaidi, hula kinachopikwa pale alipofikia, huongozwa na mwenyeji, na mara nyingi huja na jamaa wa kumsindikiza. Kwa hiyo mbio hizi huhesabiwa kuwa tawi la utalii wa michezo, ingawa ni tawi dogo. Katika mkoa wa Mara, kwenye eneo la Musoma, Butiama na Bunda, mashindano yenye namba kifuani na medali shingoni ni jambo la juzi. Safari ndefu za miguu zenye shabaha ya pamoja, njia maalumu na watu wa kuzishuhudia ni jambo la kale zaidi, na historia ya mbio za leo haieleweki bila hizo.

Nchi yenyewe inaeleza mengi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Musoma umekaa kwenye rasi ya miamba inayoingia ziwani. Kutoka hapo ardhi hupanda taratibu kuelekea mashariki na kusini hadi kwenye vilima vya Butiama, kwa Wazanaki, kisha hufuata mabonde na vilima vya Ikizu kuelekea Nyamuswa. Bunda uko chini ya mlima Balili, na kusini yake nchi hutambarajika: ni mbuga ya Ndabaka, ambako ukanda wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti unakaribia kugusa maji ya ziwa. Udongo wa Ndabaka ni mweusi na wa kunata. Ukipata mvua huganda miguuni hadi mtu hawezi kuinua hatua, na ukikauka hupasuka nyufa za kutegua kifundo. Vilimani, kinyume chake, kuna changarawe na mawe ya matale ambayo hukauka saa chache baada ya mvua. Wenyeji walijua tofauti hiyo kwa nyayo zao, na njia za zamani zilipanda kwenye migongo ya vilima pale ambapo barabara ya gari baadaye ilipita chini.

Miongoni mwa jamii za magharibi mwa Serengeti, yaani Wanata, Waikoma, Waisenye na jirani zao, safari kubwa kuliko zote ilikuwa ya rika. Rika lililokabidhiwa ulinzi wa nchi lilizunguka mipaka yake kwa miguu, likipita mahali patakatifu, chemchemi na makazi ya kale yaliyoachwa, ili kuiponya ardhi na kuifunga dhidi ya maradhi, ukame na maadui. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa eneo hili na kuchapa kitabu chake juu ya Serengeti mwaka 2007, ameonyesha kwamba kwa watu hawa nchi ilijulikana kwa kupitwa. Mpaka haukuwa mstari uliochorwa. Ulikuwa njia iliyokanyagwa upya na kizazi kipya, na asiyeipita hakuweza kudai kuijua. Huo haukuwa mchezo, wala haifai kuuita mashindano. Hata hivyo vijana walipimwa humo: kwa ustahimilivu, kwa utii wa mpangilio, kwa kukumbuka majina ya mahali kwa mfululizo wake.

Njia nyingine zilikuwa za riziki. Wawindaji walifuata misafara ya nyumbu ilipoingia ukanda wa magharibi, kwa kawaida kati ya Mei na Julai, na nyama kavu, ngozi na mikia ya nyumbu ilibebwa hadi Usukuma kubadilishwa kwa mifugo na nafaka. Wajita na Wakwaya wa pwani ya ziwa walipandisha samaki vilimani na kushuka na mtama na ulezi. Safari ya namna hiyo ilikuwa ya siku kadhaa, na mwendo wake ulikuwa wa nusu kutembea na nusu kukimbia, hasa asubuhi kabla jua halijachoma. Mizigo ya samaki haikungoja.

Na zilikuwapo mbio za dharura. Wizi wa mifugo ni tatizo la siku nyingi Mara, na jibu lake la kwanza lilikuwa miguu. Yowe likipigwa usiku, wanaume walitoka na silaha zao na kufuata nyayo za ng'ombe vichakani na mitoni hadi pale zilipopotea. Kijiji ambacho nyayo ziliishia ndani yake kilitakiwa kuonyesha zilikotokea, la sivyo kilibeba lawama na fidia. Desturi hii imeendelea hadi zama za sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanavijiji, zilizoanza Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuenea hadi Mara. Kusoma nyayo kwa mwanga wa mwezi huku mtu akikimbia kwenye mawe ni ujuzi mkubwa. Mkoa huu ulikuwa na watu wengi wa ujuzi huo muda mrefu kabla mtu yeyote hajafikiria kuufanya burudani.

Utawala wa kikoloni ulibadilisha njia kwa namna mbili zilizopingana. Kwa upande mmoja uliwatembeza watu zaidi kuliko zamani: kwenda kulipa kodi, kubeba mizigo ya serikali, kupeleka barua, kufika bomani na shuleni. Kwa upande mwingine ulifunga maeneo makubwa. Hofu ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, iliwafanya Waingereza wadhibiti makazi katika baadhi ya misitu ya magharibi mwa Serengeti. Kisha mwaka 1951 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na mipaka yake ikarekebishwa mwaka 1959. Njia zilizokuwa za uwindaji, za matambiko na za biashara zikaangukia ndani ya eneo ambamo kutembea kwa miguu bila kibali ni kosa. Mtu wa Ikoma au Ikizu aliyefuata njia ya babu yake akawa jangili. Jambo hili ni zito, na kila maelezo ya mbio za leo ndani ya Serengeti hayana budi kulitaja, kwa kuwa mgeni anayelipa ili akimbie huko anapewa ruhusa ambayo mwenyeji alinyang'anywa.

Safari ya miguu iliyo maarufu kuliko zote za kipindi hicho ni ya mtoto mmoja wa Butiama. Mwaka 1934 Julius Kambarage Nyerere, mwana wa mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, akiwa na umri wa miaka 12, alitoka nyumbani kwao kwenda kuanza masomo katika shule ya Mwisenge mjini Musoma. Umbali unaotajwa katika masimulizi ya maisha yake ni maili 26, yaani takriban kilomita 42. Urefu huo unalingana na marathoni karibu kabisa, jambo ambalo waandaaji wa mbio wangeweza kulitumia vizuri, na ni ajabu kwamba njia ya Butiama hadi Mwisenge haijawa ya kudumu katika kalenda ya riadha ya nchi. Mwisenge ilikuwa shule ya bweni. Safari ile ilirudiwa kila likizo, na si na Kambarage peke yake. Wanafunzi wa vizazi kadhaa kutoka Uzanaki, Ikizu na Majita walifika shuleni kwa njia hiyo hiyo ya miguu, vyombo vyao vichwani.

Miaka 33 baadaye njia za Mara ziliingia katika historia ya taifa. Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa na kujitegemea, lilipotangazwa tarehe 5 Februari 1967, vijana wa chama tawala cha TANU katika sehemu nyingi za nchi walianza matembezi marefu ya kuliunga mkono, wengine wakitembea mamia ya kilomita. Kijana Seti Benjamin, aliyekuwa akitembea kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam, alifariki njiani, na jina lake likakumbukwa kama la shujaa wa Azimio. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Rais Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, kilomita 200 na ushei, kwa siku nane, kwenda kwenye mkutano mkuu wa TANU. Msafara ulishuka kutoka vilima vya Uzanaki, ukafuata upande wa Bunda na kuvuka nyanda zinazopakana na ziwa, kisha ukaingia Magu na Usukuma. Wastani wake ni zaidi ya kilomita 25 kwa siku, mwendo wa maana kwa mtu wa miaka 45 ambaye kila kituo kilimtaka ahutubie. Vijijini watu walijiunga na msafara, wakatembea hatua kadhaa au siku nzima, kisha wakarudi makwao.

Matembezi yale yanastahili kutazamwa kwa makini na yeyote anayeandika historia ya mbio za Mara, maana yaliweka mfano ambao matukio ya baadaye yameufuata, kwa kujua au kwa kutojua. Njia ilichaguliwa kwa maana yake kabla ya urahisi wake. Watu wa kando ya njia walikuwa washiriki, waliotoa maji, chakula na mahali pa kulala. Na lengo la safari lilikuwa jambo lililo nje ya mwili wa mtembeaji. Mbio nyingi za hisani za Tanzania ya leo, za kuchangia madawati, hospitali au hedhi salama, zimejengwa juu ya mambo hayo hayo matatu.

Mwaka 1967 huo huo sheria iliunda Baraza la Michezo la Taifa, na michezo ikawekwa chini ya uangalizi wa serikali. Lakini kilichowafikia watu wengi zaidi kuliko sheria yoyote kilikuwa mchakamchaka. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na mwendo wake wa alfajiri, wa kukimbia kwa safu huku mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia, ulienea makambini na shuleni nchi nzima. Katika eneo hili kambi ya Rwamkoma, iliyo Butiama, ni mojawapo ya sehemu ambazo vijana wameupitia mwendo huo. Shuleni mchakamchaka ulikuwa wa kila asubuhi, mara nyingi miguu mitupu, kwenye njia za vumbi zinazozunguka shamba la shule na kurudi mstarini. Haukuwa na mshindi. Uzuri wake ulikuwa katika pumzi moja: anayechoka hubebwa na wimbo, na anayekimbia mbele mno huharibu safu. Klabu za kukimbia ambazo zimejaa mijini tangu miaka ya 2010, na ambazo wanachama wake huimba njiani, zimerithi mchakamchaka kuliko riadha ya uwanjani. Mbio za Mwenge wa Uhuru, zilizoanza mwaka 1964, ziliongeza wazo jingine, la msafara unaopita kila wilaya na kufungua miradi, ingawa sehemu kubwa ya njia yake siku hizi hupitwa kwa magari.

Mapito yenyewe yalipata pigo mwaka 1974. Operesheni Vijiji ilitekelezwa Mara kwa haraka na mara nyingi kwa nguvu. Familia zilizokuwa zimetawanyika vilimani zilihamishiwa kando ya barabara, na nyumba za zamani zikaachwa. Vijia vilivyounganisha makazi hayo ya vilimani vikaota nyasi. Baadhi vilifufuliwa na wachungaji na wanafunzi, vingine vimebaki kuonekana tu kama mstari wa mawe au safu ya minyaa ya maboma ya zamani. Baadaye lami ya barabara ya Mwanza hadi Sirari, inayopita Bunda na karibu na Musoma, ilihamisha safari ndefu kutoka miguuni kwenda kwenye mabasi.

Ni katika nchi hiyo ya mapito na mchakamchaka alikotoka Suleiman Nyambui. Alizaliwa Majita mwaka 1953, kwenye rasi iliyo kusini-magharibi mwa Musoma, ambako mlima Mtiro unasimama juu ya ziwa. Katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 alishika nafasi ya pili katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, na kupata medali ya fedha. Medali hiyo na ile ya Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, michezo hiyo hiyo, ndizo pekee ambazo Tanzania imewahi kupata katika Olimpiki. Nyambui alisoma katika Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, Marekani, na mwaka 1980 alikuwa bingwa wa mbio za nyika za vyuo vikuu vya nchi hiyo, mashindano ya kwenye nyasi na matope yaliyo jirani wa karibu wa mbio za porini. Akashinda marathoni ya Berlin mara mbili, 1987 na 1988, kisha akawa kocha na kiongozi wa chama cha riadha cha taifa. Mkoa wa Mara haujampa nafasi anayostahili katika kumbukumbu zake. Wageni huja Butiama kuona kaburi na makumbusho ya Mwalimu Nyerere, lakini hakuna njia inayowapeleka Majita kuona alikojifunza kukimbia mwanariadha aliyeipa nchi nusu ya medali zake za Olimpiki.

Mbio kama kivutio cha watalii zilikuja Afrika Mashariki kutoka pande mbili. Kaskazini mwa Kenya, marathoni ya Lewa ilianza mwaka 2000 ndani ya hifadhi ya vifaru, ikilindwa na askari na ndege, ikikusanya fedha kwa ajili ya uhifadhi na shule. Hapa Tanzania, marathoni ya Kilimanjaro ya Moshi, iliyoanza kwa sura yake ya sasa mwaka 2003, ilithibitisha kwamba mgeni anaweza kupanga likizo nzima kwa sababu ya saa chache za kukimbia. Kando ya ziwa, Mwanza ilipata Rock City Marathon mwaka 2009. Mara ilichelewa. Hoteli zilikuwa chache, na watalii wengi wa Serengeti huingia kwa upande wa Arusha na kutoka kwa njia hiyo hiyo, bila kufika Bunda wala Musoma.

Mabadiliko yalianza mwishoni mwa miaka ya 2010, na yalikuja kwa sura mbili tofauti sana. Ya kwanza ni Serengeti Girls Run, iliyoanzishwa mwaka 2018 na kampuni ya Singita pamoja na mfuko wa uhifadhi wa Grumeti, katika maeneo ya Grumeti na Ikorongo yaliyotangazwa kuwa mapori ya akiba mwaka 1994. Kundi dogo la wanawake hukimbia kwa siku tatu porini, askari wa wanyamapori wakitangulia na kufuata, na fedha zinazochangwa hupelekwa kwenye elimu na maendeleo ya wasichana wa vijiji vya jirani. Ni utalii wa watu wachache na wa gharama kubwa. Faida yake kwa wasichana wa Bunda na Serengeti ni ya kweli. Uzuri wake mwingine ni kwamba wanaokimbia ni wanawake, katika nchi ambayo safari za rika, za uwindaji na za kufuata nyayo zilikuwa za wanaume karibu zote.

Sura ya pili ni Serengeti Safari Marathon, inayofanyika kwenye lango la Ndabaka, kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Hii ni ya watu wa kawaida: watumishi, walimu, wanafunzi na klabu za mijini, wanaofika kwa basi usiku wa kuamkia mbio na kulala Bunda au Lamadi. Mahali pake pamechaguliwa vizuri. Ndabaka ndipo penye mlango wa Serengeti ulio karibu zaidi na ziwa, na mkimbiaji wa Kitanzania ambaye hajawahi kuingia hifadhini anapata sababu ya kufika langoni mwake. Butiama nayo imepata msafara wake wa kila mwaka, japo ni wa baiskeli: waendesha baiskeli hutoka Dar es Salaam na kufika Butiama wakati wa kumbukumbu ya Mwalimu tarehe 14 Oktoba, wakipita mikoa kadhaa na kuacha misaada njiani.

Uchumi wa matukio haya ni mdogo lakini hupenya mbali, na ukubwa wake hutegemea mambo ambayo waandaaji huyaamua mapema. Mbio zikianza saa 12 asubuhi, mgeni analazimika kulala. Zikianza saa 3, anaweza kuja na kurudi siku hiyo hiyo, na nyumba za kulala wageni hazipati kitu. Maji na chakula vikinunuliwa Mwanza na kuletwa kwa lori, fedha inapita tu. Vikitoka kwa mama lishe wa Nyamuswa na wavuvi wa Musoma, sato na ugali wa muhogo vinakuwa sehemu ya safari. Waongozaji wakiwa wachungaji na wanafunzi wanaoijua njia, malipo yanafika kwenye kaya. Msimu pia una neno lake: mvua za masika, Machi hadi Mei, huifanya mbuga ya Ndabaka isipitike, na mvua za vuli zinaweza kuja Novemba yenyewe, mwezi unaopendwa na waandaaji. Vilima vya Butiama na Ikizu hustahimili mvua vizuri zaidi, lakini vina kivuli kichache na mawe mengi.

Njia za hifadhini hutawaliwa na mamlaka za hifadhi. Kila mbio huhitaji kibali, ada na askari wenye silaha, kwa kuwa nyati na tembo hawajui ratiba. Nje ya hifadhi hali ni tofauti. Njia ya kutoka Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu, ikipita pembeni mwa msitu wa Muhunda ambao Wazanaki huuheshimu kama makao ya mzimu wao, kisha kuelekea Ikizu hadi Bunda, iko kwenye ardhi ya vijiji. Kuipitisha mbio hapo kunahitaji vibali vya riadha, ridhaa ya serikali za vijiji husika, na, kwa upande wa msitu, idhini ya wazee wanaoutunza. Butiama imekuwa wilaya inayojitegemea tangu mwaka 2012, na utalii wa utamaduni kijijini hapo umekuwa ukiongozwa na wenyeji, akiwamo Madaraka Nyerere, mmoja wa watoto wa Mwalimu. Wanaojua vijia vya kati ya Butiama na Nyamuswa kwa majina yake, kisima kwa kisima na mlima kwa mlima, ni wazee waliovitembea kabla ya mwaka 1974, na idadi yao inapungua kila mwaka. Wachungaji huwafuata kwa ujuzi, kwa kuwa bado wanavitumia kila siku wakipeleka ng'ombe majini.